Bi Mize na Mabeseni Kumi ya Kampuni

Bi Mize Mabruki alikuwa hajapata kunirudishia chombo kitupu. Nimekaa naye jirani hapa Gando miaka kumi na tisa, jiko langu linatazamana na lake, na katika miaka hiyo mabakuli, masinia na vyungu vimepita baina yetu hata sijui tena kipi changu na kipi chake. Nikimpelekea mchuzi, bakuli hurudi na ndimu tatu. Nikimpelekea ndizi, sinia hurudi na konzi ya dagaa. Siku moja hakuwa na kitu ndani, akatia chumvi. Chumvi kidogo katikati ya sinia langu kubwa, na juu yake kawa, utadhani biriani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka hata kidogo.

"Chombo cha ntu hakirudi kitupu, Mwalimu," aliniambia. "Ukikirudisha kitupu, ushamwambia asilete tena."

Sasa ukisikia mwanamke huyu ameandikiwa barua na kampuni nzima ya umeme, anatuhumiwa kutoa hongo, wewe utafanyaje? Mimi nilidhani barua imekosea nyumba. Niliisoma bahasha mara tatu. Jina lilikuwa lake, na chini yake langu.

Nitaeleza tangu mwanzo, ingawa nasema mapema kwamba mambo haya sikuyaelewa wakati yanatokea, na sasa ndiyo kabisa. Kampuni sitaitaja jina.

Bi Mize ana miaka sitini na mbili. Aliolewa akiwa msichana mdogo, akapelekwa Fundo, kile kisiwa tunachokiona kutoka pwani yetu, akakaa huko miaka kumi na moja na kujifunza ukunga kwa mama mkwe wake. Alikuwa na wifi yake, Asma, aliyependana naye kama ndugu wa tumbo moja. Asma alishikwa na uchungu siku ambayo maji yamekupwa. Mashua ilikaa kwenye matope na watu wakakaa ndani yake wakisubiri bahari irudi. Walipofika Wete mtoto alikuwa ameshakufa tumboni, na Asma mwenyewe laasiri hakuiona. Asubuhi ya siku ile alikuwa amemletea Bi Mize uji kwenye bakuli la bati lenye maua mekundu. Bakuli hilo lipo mpaka leo juu ya kabati la Bi Mize. Hakuna anayelitumia wala anayeruhusiwa kulishusha.

Alipoachika akarudi Gando, akaanza kuwaweka wanawake wa Fundo chumbani kwake mwenyewe, kila mmoja wiki mbili tatu kabla ya siku zake, ili uchungu ukimshika bahari iwe imeshavukwa. Baadaye tukaunda jumuiya, wanawake kumi na wanne, tukajenga nyumba ya vyumba viwili karibu na kituo cha afya. Tunaiita Nyumba ya Kusubiri. Yeye mwenyekiti, mimi katibu, kwa sababu nasomesha skuli na nina mwandiko unaosomeka. Niliwahi kumuuliza kwa nini anajitesa hivi kwa watoto wa watu. Akanionesha kwa kidevu lile bakuli la maua mekundu. "Lile sijalirudisha," alisema.

Nyumba haikuwa na umeme wala maji. Mwanamke wa miezi tisa alikuwa anakwenda kisimani na ndoo kichwani, na Bi Mize alilichukia jambo hilo kuliko dhambi nyingi anazozikataza. Ndiyo maana tuliposikia kwamba kampuni ya umeme inasaidia jumuiya ndogondogo, niliandika barua ya kurasa nne. Nilijisifu nayo, sikatai. Walijibu. Msaada utakuja kwa awamu mbili: awamu ya kwanza shuka, vyandarua na vifaa vya wazazi, awamu ya pili waya wa umeme, pampu, tangi na bomba mpaka ndani.

Awamu ya kwanza ilikuja na turubai, viti, spika kubwa mbili na kitambaa kirefu kilichoandikwa TUNARUDISHA KWA JAMII. Aliyesimamia shughuli alikuwa Yasser, ofisa wao wa Wete, kijana mwenye adabu na jasho jingi. Mpiga picha aliwapanga wajawazito watatu mstari mmoja. Mmoja wao, Zuweina wa Fundo, ana uso mzuri, kwa hiyo alipokea shuka ile ile mara nne, kila mara akiambiwa atabasamu zaidi.

"Wanarudisha nini?" Bi Mize aliniuliza sikioni, akitazama kile kitambaa. "Kwani sie tuliwapa nini?"

Nikamwambia ndivyo maofisini wanavyosema. Akatikisa kichwa, akaendelea kukitazama. Nilidhani yameishia hapo, na hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Vile vitu vilikuja ndani ya mabeseni kumi ya plastiki, ya buluu, makubwa, yenye mifuniko na alama ya kampuni ubavuni. Sisi wote tuliyaona mabeseni kuwa sehemu ya msaada, na wengine walishaanza kugawana kwa macho. Bi Mize akaniomba nimsomee karatasi ya makabidhiano. Nikasoma: shuka arubaini, vyandarua ishirini, taulo, sabuni, kanga.

"Na mabeseni?"

Nikapitisha kidole tena kuanzia juu. Mabeseni hayakuandikwa.

"Basi si yetu," alisema. "Ni vyombo vyao. Tushamimina, sasa turudishe."

Na kurudisha kwake unakujua. Wiki nzima Gando haikuzungumza jambo jingine. Beseni la kwanza lilijaa shelisheli, la pili muhogo, la tatu mayai yaliyopangwa kwenye pumba, la nne mikate ya mofa. Walioleta nazi walileta nazi. Wanawake wa Fundo, waliosikia kwamba kampuni itawavutia maji, walivusha pweza mkavu mabeseni mawili tele. Jumamosi tukapanda gari ya mizigo ya jirani yetu Jaribu mpaka Wete, Bi Mize mbele na buibui lake la Idi, mimi nyuma nimeshika mayai. Ndiyo, na mimi nilikuwemo. Nilifurahi kama mtoto. Ningekuwa na akili ningelia.

Yasser alitoka nje akasimama kwenye ngazi.

"Bi Mize, shikamoo. Hivi nini?"

"Marahaba, mwanangu. Vyombo vyenu."

Alifunua beseni moja, akafunika haraka. Wenzake wakaanza kutoka, mmoja akashika pweza akanusa, akacheka. Yasser akamwambia kwa sauti ya chini arudishe. Alitutazama sisi, akatazama mabeseni, akatazama dirisha la ofisi ya mkubwa wake. Mwishowe akasema yaingizwe chumba cha mikutano kwanza, ataulizia. Mlango ulipofunguliwa baridi ya kiyoyozi ikatupiga usoni, na sisi tukaingiza pweza.

Njia nzima ya kurudi Bi Mize alikuwa mwepesi. "Alhamdulillahi," alisema. "Sasa wakileta umeme watatukuta hatuna deni la adabu."

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Ilisema uongozi wa jumuiya yetu uliwasilisha bidhaa za chakula katika ofisi yao wakati awamu ya pili ya mradi bado haijaidhinishwa. Kwamba kitendo hicho kinaweza kutafsiriwa kuwa kishawishi kwa watumishi. Kwamba awamu ya pili imesitishwa mpaka uchunguzi ukamilike. Ilikuja na fomu ya kujaza.

"Kishawishi," alisema Bi Mize, nilipomsomea mara ya pili. "Nnamshawishi nani, na wao washatoa?"

Mimi mwalimu, nasahihisha insha za watoto kila siku, na barua ya ukurasa mmoja ilinishinda.

Fomu ilikuwa mbaya zaidi. Bidhaa zilitolewa kwa nani? Kwa vyombo vyao, alisema Bi Mize. Hivyo haijibiki, nikaandika kwa ofisi. Mtoaji alitarajia kupata nini?

"Andika sikutarajia kitu," alisema. Nikaanza kuandika, akanishika mkono. "La, ngoja. Usiandike uwongo. Nnatarajia umeme. Si wameahidi?"

"Nikiandika hivyo, Bi Mize, watasema hiyo ndiyo hongo yenyewe."

"Na nisipoandika ntakuwa muongo."

Fomu ikakaa siku nne mezani kwangu, nafasi hiyo nyeupe. Siku ya tano asubuhi alikuja jikoni kwangu kabla sijakwenda skuli, akasimama mlangoni bila ya kuingia.

"Mwalimu," alisema, "ile chumvi niliyokutilia siku ile. Ilikuwa hongo?"

Nilimwambia hapana, na nikamwambia aache upuuzi. Lakini alitaka kujua tofauti iko wapi, na nilipofungua mdomo kumweleza nikakuta sijui pa kuanzia. Wahenga wamesema mkono mtupu haulambwi, na nilipokuwa naifikiria methali hiyo njiani, nikaona hata wahenga wenyewe leo wangetakiwa kujaza fomu. Mwisho niliandika "Kurejesha vyombo" katika ile nafasi, nikapeleka.

Wakati huo Zuweina alikuwa bado nasi, mwezi wake wa nane, kwa sababu mimba yake ya kwanza iliharibika na Bi Mize hakutaka kumwacha Fundo. Siku moja aliteleza kisimani, ndoo ikamwangukia. Hakuumia, wala mtoto hakuumia, Mungu alitusitiri. Bi Mize alimkanda miguu na maji ya moto. Kisha akanivuta nje. "Angefia pale," alisema, "ingekuwa mie. Pweza wangu ndio wangemuua." Alikuwa analia, na mimi sijamzoea akilia.

Mwezi wa Januari makao makuu yakamleta ofisa wa maadili kutoka Unguja, jina lake Bi Widad Amur. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Akaja mwanamke mdogo, mpole, aliyevua viatu mlangoni bila ya kuambiwa na kumwamkia Bi Mize kwa mikono miwili. Bi Mize akamwekea dafu lililokwisha kukatwa.

"Samahani bibi, siruhusiwi."

"Umefunga?"

"Hapana."

"Una sukari?"

"Hapana, bibi. Ni utaratibu tu, mpaka uchunguzi umalizike."

Dafu likakaa baina yao muda wote. Nzi waliruhusiwa. Bi Widad alieleza kwa upole kwamba kampuni inatoa bila ya kutaka kitu, na kwa hiyo haiwezi kupokea kitu, isije watu wakasema jumuiya fulani imepata kwa sababu imewalisha maofisa.

"Hamtaki kitu kabisa?" aliuliza Bi Mize.

"Kabisa."

"Basi zile picha?"

Ukutani ilikuwapo kalenda ya kampuni ya mwaka mpya, waliyotutumia wenyewe. Bi Mize akainuka akafunua mpaka mwezi wa tatu. Zuweina, na tumbo lake, na ile shuka, anatabasamu. Hakuuliza kwa kejeli. Namjua, alikuwa anataka kweli kufahamishwa, kama mtu aliyepotea njia anavyouliza. Bi Widad akaitazama kalenda. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akakifuta.

"Na pweza?" aliuliza Bi Mize.

"Vitu vyote viliwekwa kama ushahidi, bibi."

"Na mayai?"

"Viliharibika. Ikabidi..."

"Mmevitupa."

Bi Widad aliinamisha kichwa. Alisema bibi yake mzaa mama alikuwa wa Wete, naye alikuwa hivi hivi, hata sufuria ya kuazima alikuwa hairudishi tupu. Alisema amesoma jibu letu, "Kurejesha vyombo", na kwamba yeye amelielewa, lakini hakuna kisanduku cha kulitia. Nikamuuliza mabeseni yenyewe yako wapi. Stoo, alisema.

Kwa hiyo uchunguzi ukafungwa pale pale, na ukafungwa vizuri kwa hesabu yao: hakukuwa na nia mbaya. Awamu ya pili itaendelea, kwa sharti kwamba viongozi wasaini tamko. Bi Widad alinipa mimi nilisome kwa sauti. Nalikumbuka neno kwa neno. Viongozi wa jumuiya, na mtu yeyote anayehusika na mradi, hawatatoa zawadi, chakula, kinywaji wala fadhila ya aina yoyote kwa mtu mwingine yeyote anayehusika na mradi, kwa muda wote wa mradi pamoja na miaka mitatu ya matengenezo.

"Hata maji?" aliuliza Bi Mize.

"Kinywaji," nilisema. "Na maji ni kinywaji."

"Miaka mitatu."

Nje Zuweina alikuwa anapita na ndoo, nusu tu sasa, mkono mmoja kiunoni. Bi Mize alimfuata kwa macho mpaka akaingia ndani. Kisha akachukua kalamu akasaini kwa herufi za Kiarabu, polepole, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani akiwa mtoto. Mimi nikasaini chini yake. Bi Widad alipokwenda zake, Bi Mize akalimwaga dafu kwenye shina la mgomba.

Mafundi walikuja mwezi wa Shaaban, wanne, wakafanya kazi siku mbili juani. Bi Mize alijifungia ndani siku zote mbili, na dirisha akalifunga, katika joto lile. Aliniambia hawezi kuwaona watoto wa watu wanakaukwa na mate na yeye ana mtungi. Fundi mmoja, Fahmi, alinibishia hodi akaomba maji. Nikamwonesha dukani. Alinitazama kwa mshangao, Mpemba mwenzangu yule, na mimi nikarudi ndani nikakaa kitandani na aibu yangu.

Lakini maji yalitoka. Lazima niseme hivyo, maana ni kweli: yalitoka bombani, ndani ya nyumba, na taa zikawaka vyumba vyote viwili. Siku tano baadaye Zuweina alijifungua kituoni mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akarudi kupumzika kwetu kabla ya kuvuka. Bi Mize alimkogesha mtoto mwenyewe kwa maji ya bomba. Alikuwa anafungua na kufunga, anafungua na kufunga, uso umemjaa furaha. Nilijisemea basi, yamekwisha.

Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza nilipika muhogo wa nazi, nikaujaza bakuli langu jeupe, nikampelekea kama kila mwaka. Hakuwepo, alikuwa Nyumba ya Kusubiri, nikaliacha jikoni kwake. Siku ya pili, jua linakaribia kuzama, nikalikuta mlangoni kwangu chini ya kawa. Nilifurahi, nikajiuliza kaleta nini safari hii. Nikafunua.

Lilikuwa limeoshwa likang'ara. Ndani hamna kitu. Ndimu hakuna, chumvi hakuna. Nililiinua nikatazama hata chini yake.

Nilivuka uwanja nikamkuta anapuliza moto. Nilikuwa na hasira, nasema kweli, hasira za mtu aliyeumizwa. Nikamuuliza nimemkosea nini.

"Hujanikosea, mwanangu." Hakuniangalia. "Weye si katibu? Si unahusika na mradi? Nnaogopa. Wakisikia wakakata maji, wale wa Fundo watarudi kisimani." Akapuliza tena moto, moshi ukamwingia machoni, au sijui. "Na weye usiniletee tena. Miaka mitatu si mingi."

Nilirudi kwangu nikaitoa nakala ya lile tamko, nikaisoma kwa makini, nikitafuta alipokosea ili nirudi nikamcheke kama siku ile ya chumvi. Hakukosea popote. Mtu yeyote anayehusika, kwa mtu mwingine yeyote anayehusika. Mimi ndiye niliyemsomea.

Nikatia kunde kwenye lile bakuli, mpaka juu, nikafunika. Nitampelekea hivyo hivyo, nilisema, na liwalo na liwe. Nikafika mlangoni. Kule nje taa za Nyumba ya Kusubiri zilikuwa zimeshawashwa, na nikasikia mwanamke mmoja anacheka na maji yanamiminika kwenye ndoo. Nikaikumbuka na saini yangu. Adhana ikatoka nikiwa nimesimama pale pale na bakuli mkononi, na sikujua nifungue saumu au nifanye nini.